Vijiwe vya Ijumaa

Juzi mjukuu wangu amerudi likizo kutoka shule ya bweni, kifuani ana nembo ya shule yenye picha ya mama mmoja mwenye shela. "Bibi, unamjua huyu mtakatifu wetu?" Nikamwambia kaa chini, chambua maharage. Namjua tangu kabla mama yako hajazaliwa.

Ndugu yangu, mimi shule nimeionja tu, ile ya misheni kule Kansay. Kila Ijumaa sista mzee alituketisha wasichana barazani tuchambue maharage ya kande, naye anasimulia maisha ya huyo mama aliyeanzisha shule za watoto wa maskini. Ya kwanza aliifungulia kwenye banda la farasi. Tulicheka, maana darasa letu nalo lilinuka ndama. Sista hakuwa na mchezo: ungo ukiwa safi, hadithi inakatwa hapo hapo. Basi tukawa tunarudisha vijiwe ungoni kimya kimya. Anatutazama, anasema, "Maharage ya Kansay yanazaa mawe!" Halafu anaendelea.

Ijumaa moja akafika pabaya. Askofu amemfukuza yule mama katika Kanisa, masista wake wametolewa nje, shule zimefungwa. Kengele ikalia. "Mengine wiki ijayo."

Wiki ijayo mimi sikuwepo. Baba alisema vitunguu vya Mang'ola havijipandi vyenyewe, na kaka aliye huko shambani anataka mtu wa kumpikia. Nikapandishwa lori linaloshuka kufuata mzigo. Sikulia. Ila miaka yote nimeinama kwenye mfereji wa kumwagilia vitunguu nawaza: zile shule zilifunguliwa, au ndiyo basi? Kumuuliza padri niliona haya, mtu mzima na mambo ya watoto.

Sasa nikamuuliza huyu mjukuu.

"Zilifunguliwa, Bibi. Askofu alipokaribia kufa alituma watu wamrudishe. Akaanzisha nyingine nyingi tu."

"Na wasichana waliotolewa shule zilipofungwa, walirudi darasani?"

Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa chini. "Hilo hatujafundishwa."

Sista alishazikwa. Baraza lile limebomolewa, pameota mahindi ya watu, na wale niliochambua nao sijui hata mmoja yuko wapi. Ungo mbele yetu ulikuwa umeshakuwa safi. Nikaokota kijiwe chini, nikakitia.

"Bibi! Mbona unachafua?"

"Nyamaza. Nisimulie tangu mwanzo, pale kwenye banda la farasi."