Mpaka Watoke Buluu Watupu

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilikuwa Makiso, hapa hapa Kisangani, nikitafuta toleka, baiskeli ya kunirudisha nyumbani, nikamwona dada mmoja kando ya njia na tenga la kuku. Mmoja alikuwa wa buluu. Si buluu ya kitenge, hapana. Ni ile rangi ya moshi wa kuni mbichi, na kila unyoya una ukingo mweusi. Miaka mingi sikuwa nimeiona. Nikamuuliza, kwa kutaka maongezi tu, kama vifaranga wake nao hutoka buluu. Dada akacheka.

"Bleu na bleu haizalaka bleu tupu, mama. Inazalaka nyeusi, inazalaka na mweupe ya madoa. Iko vile tu, hakuna mutu alikosa."

Hakuna mtu aliyekosa. Nilisimama palepale juani, toleka wawili wakanipita wakipiga kengele. Ngoja nikueleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi, na tulikaa Tshopo, karibu na mto kiasi cha kusikia watoto wakijirusha majini. Papa alikuwa karani serikalini, mtu wa kalamu na mashati ya kupigwa pasi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuku wa rangi. Tonton, mdogo wake aliyefanya biashara ya Kampala, alimletea vifaranga wanne wa buluu ndani ya katoni iliyotobolewa matundu. Walifika wamelegea, wananuka mafuta ya gari, tukawanywesha maji ya sukari kwa kijiko. Walipokua, jogoo mmoja na matetea watatu, mtaa mzima ulikuja kuchungulia. Majirani waliwaita kuku wa majivu, na papa alikunja uso kila mara: "Si majivu. Iko bleu." Alitaka awe wa kwanza Kisangani nzima mwenye ukoo wa buluu usio na doa. Mimi nikapewa kazi ya banda: kufagia, kuwapa mchwa na makombo, na kufunga mlango kwa kamba kila nitokapo.

Likizo kubwa ilipoanza, tetea wa kwanza akatotoa. Vifaranga sita: watatu buluu, wawili weusi tii, na mmoja mweupe aliyetapakaa madoa kama ya wino. Papa alichuchumaa akawatazama. Kisha akainua macho kuelekea kwa jirani yetu, mama muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, ambaye jogoo wake mweusi alikuwa akitembea mtaani kama mwenye mtaa.

"Ni nani aliacha mulango wazi?"

"Papa, mimi nilifunga."

"Bon. Ile jogo ilipita wapi? Ilikuwa na funguo?"

Koko, bibi yangu mzaa papa, mwanamke wa Yanonge asiyechelewa kujibu, akamwinua yule mweupe mkononi. "Na huyu, papa yake ni nani? Ni monpere?"

Monpere, padri wetu, alikuwa mzungu; nilicheka, na kicheko hicho kikaniponza. Lakini nilikuwa nimefunga, ndugu yangu. Lile fundo la kamba nalikumbuka hadi leo. Ila kuulizwa jambo moja tangu asubuhi mpaka lituma, ndizi zetu za kutwanga, imeiva na kupoa, kunachosha hata mtu mzima. Nikasema ndiyo, labda nilisahau.

Papa hakunipiga, hakuwa mtu wa fimbo. Alinunua mabati akazungusha lupango letu lote, kiwanja na nyumba, akatia kufuli langoni. "Siku watatoka bleu tupu," akaniambia kwa upole kabisa, "na weye utatoka." Kila asubuhi alifunga kwa nje, akaenda ofisini na ufunguo mfukoni. Koko naye akabaki ndani kwa kosa lisilomhusu, akakosa mazoezi ya kwaya wiki baada ya wiki.

Umewahi kufungiwa mahali unapousikia mto? Mabati yalichemka kuanzia saa nne. Nilifagia banda, nikatwanga majani ya sombe, nikamenya mbegu za mbika mpaka vidole vikauma, na muda wote huo nasikia wenzangu wakihesabu moja, mbili, tatu, kisha maji yakipasuka. Mwanzoni walipita wakigonga bati na kuniita jina. Baada ya wiki mbili wakaacha. Hilo liliniuma kuliko kufuli. Koko alitoboa tundu kwenye bati kwa msumari na jiwe, la kupitisha mkono, na hapo ndipo alipopigia soga na mama muuza kwanga, huku papa akidhani wale wawili hawasemezani tena.

Tetea wa pili aliatamia siku ishirini na moja, nami nikazihesabu zote. Wakatoka: buluu, weusi, na mweupe tena. Nilifurahi sana, maana lango lilikuwa limefungwa, sasa papa angeona mwenyewe. Papa alifikiri kidogo. "Damu ya ile jogo iko bado ndani ya kuku," akasema, akaenda kuoga. Nililia mpaka koko akaacha utani.

Tetea wa tatu alitotoa asubuhi, papa yuko kazini, zimebaki siku chache shule ifunguliwe. Wanne buluu, wawili weusi, mmoja mweupe wa madoa. Koko aliwatazama, akanitazama mimi. Aliwachukua wale watatu, hawajakauka vizuri, akawapitisha mmoja mmoja kwenye tundu la bati, na mkono wa mama muuza kwanga ukawapokea upande wa pili. Maganda yao tukayafukia kwenye majivu ya jikoni.

Jioni ile papa alikuta wanne, wote buluu. "Mayai matatu yaliharibika," koko akasema. Sijawahi kumwona papa na furaha ile. Aliwaweka wote kwenye viganja vyake, akaniita. "Unaona? Ilikuwa mulango tu." Akaenda kufungua kufuli, nami nikakimbia hadi mtoni na nguo zangu zote. Nikiwa majini ndipo nilipoelewa. Kama kufuli ndilo lililoleta buluu, basi ni kweli mimi niliacha mlango wazi.

Kabla tetea yeyote hajatotoa tena, kideri kikapita mtaani kikamaliza banda zima kwa wiki moja. Hivyo papa hakuuona ukweli. Kila mgeni alisimuliwa jinsi alivyopata buluu safi baada ya kumfungia binti yake, nami ndiye niliyekuwa namletea mgeni maji ya kunawa.

Koko amelala Yanonge. Lupango lilishauzwa, na wale waliohesabu moja, mbili, tatu wako Kinshasa, wako Goma, wengine sijui. Papa alitutoka mwaka juzi. Siku za mwisho alipenda nikae karibu na kitanda, na mchana mmoja akanishika mkono.

"Ile mambo ya kuku," akasema, "nilishakusamehe zamani."

"Merci, papa," nikajibu.