Siku Blogu ya Mkaza Mwana Ilipotokea kwenye Ukurasa wa Saluni

Wateja walimwita Vidole. Jina hilo alilipata kwa wepesi wa mikono yake: mtu aliketi kitini nywele zimesimama kama aliyefukuzwa na nyuki, akainuka misuko imelala sawasawa, na kichwa hakimuumi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani mlikuwa na viti vya plastiki, kioo kirefu ambacho mumewe, fundi vioo, alikikata kwa mkono wake, na mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa na kelele nyingi kuliko joto.

Ukitoka mlango wa nyuma unavuka ua mdogo wenye kamba za kuanikia, unafika nyumbani kwake. Na humo nyumbani, katika chumba cha ndani, alikuwamo mama mkwe.

Mama huyu alikuwa mpiga chapa ofisini tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Mwanamke wa sketi iliyonyooka na miwani yenye mnyororo. Barua ikikosewa herufi moja tu, aliichana akaanza upya. Sasa akili ilikuwa ikimtoroka kidogo kidogo. Ilianza kwa kupotea funguo, zikafuata siku za wiki, mwisho wakaanza kupotea watu. Mama alimwita mwanawe wa kumzaa "yule bwana wa vioo." Alimwita Vidole "dada yangu," na siku nyingine "binti wa mapokezi," akimtaka amletee karatasi.

Kumwogesha mama, kumlisha, kumbadilishia shuka, kumrudisha ndani anapotaka kwenda kazini asubuhi, yote yalikuwa ya Vidole. Mume alisaidia akirudi, lakini alirudi amechoka na mikono imechanjwachanjwa na vioo. Alikuwapo pia wifi yake, dada wa mume, mfanyakazi wa benki. Huyo alifika Jumapili mojamoja, na matunda kwenye mfuko na manukato yanayomtangulia mlangoni. Aliketi ukingoni mwa kiti, akauliza mama amelalaje, akaitazama saa, akaondoka.

Sasa utamwambia nani? Ukimlalamikia mama mkwe kwa jirani, umejitafutia jina. Ukimlalamikia kwa mumeo, ni mama yake. Ukisema kwenu, watakwambia ulipoolewa uliolewa na ukoo mzima. Kwa hiyo Vidole aliandika. Mteja akiwa na dawa kichwani anasubiri ishike, yeye aliketi kwenye kistuli, simu mkononi, akayamwaga yote kwenye blogu aliyoiita Chumba cha Ndani. Hakuweka jina lake. Alijiita Mkaza Mwana, na mke wa mwana wa mtu ndiye aliyekuwa. Waliomsoma walikuwa wachache, watu asiowajua na wasiomjua, nao pia wanauguza wazazi. Mmoja angeandika tu, "Hata mimi leo," na Vidole akapumua.

Alikuwa na blogu nyingine pia, ya mambo ya nywele: mafuta gani yafaa, kwa nini nywele hukatika. Hiyo hakuna aliyeisoma. Wasomaji walikuwa kwenye ukurasa wa saluni mtandaoni, ambako wateja, majirani na ukoo mzima wa mumewe walipita kutazama picha za misuko.

Siku moja mteja mmoja, mwalimu wa kompyuta, alimpa wazo. Alikuwa ameketi chini ya mashine ya kukaushia, kwa hiyo alilitoa kwa kupiga kelele.

"Unganisha blogu yako na ukurasa! Ukiandika huku, inatokea yenyewe kule!"

"Yenyewe?"

"Yenyewe! Fungua mipangilio! Hapo, bonyeza hapo! Sasa kubali. Kubali. Kila kinachokuja wewe kubali!"

Vidole alikubali. Kilikuja hiki akakubali, kikaja kile akakubali. Miongoni mwa hivyo vilivyokuja lilikuwamo swali: blogu hii moja au blogu zako zote? Nalo alilikubali, kwa zote.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka vibaya. Alilowesha kitanda, akakataa kuvuliwa, akamkwaruza Vidole shavuni, kisha akalia kama mtoto kwa aibu asiyojua imetoka wapi. Vidole alifika saluni shavu linamwasha. Akampaka dawa mteja wa kwanza, akashika simu. Aliandika habari ya kitanda na ya maji ya kuoga. Aliandika pia kuhusu wifi: "Huja na mkoba wake mapajani kama abiria anayesubiri basi. Mama akianza kunuka mkojo, basi limefika." Akatuma, akajisikia nafuu, akaenda kusuuza kichwa cha mtu.

Mchana saluni ilikuwa kimya isivyo kawaida. Wanawake waliojaza viti, ambao siku nyingine ungewaomba wapumzishe midomo, walikuwa wanatazama simu zao. Mmoja, mama wa makamo mwenye duka la viatu jirani, alimgusa mkono.

"Pole sana, dada."

"Pole ya nini tena?"

Yule mama akamgeuzia simu. Juu palikuwa na picha ya saluni na jina la saluni. Chini yake palikuwa na kitanda cha mama, maji ya kuoga, mkoba wa wifi, vyote.

Vidole aliketi kwenye kiti cha wateja, akashika simu yake, akayafuta. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Watu walikuwa wameshasoma, na wengine wameshatumiana.

Mumewe aliingia kabla mteja hajamaliza kukauka. Alikuwa na gundi ya vioo vidoleni, hakunawa. Aliwapita wanawake wote bila salamu, akasimama mlango wa uani. Vidole akamfuata.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema mume. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sasa kata imepanda jukwaani. Mama yangu, mke wangu! Umemvua nguo barabarani."

"Sikukusudia. Ni kule kuunganisha, nilidhani ni blogu ya nywele..."

"Siulizi imetokeaje. Nauliza ilikuwaje ukaandika."

Vidole alikuwa na maneno ya kuomba radhi mdomoni, lakini yalitoka mengine.

"Kwa sababu niliowaandikia huniuliza siku yangu imekwendaje. Wewe mara ya mwisho umeniuliza lini?"

Mume alitazama ule mkwaruzo mpya shavuni kwa mkewe, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Akarudi kazini.

Siku ya pili yake akaja wifi. Haikuwa Jumapili. Alikuja na sare ya benki, katikati ya siku ya kazi, na wateja wote wakajifanya wanachagua mitindo kwenye picha za ukutani.

"Wifi, tuzungumze."

Walikwenda uani, wakasimama katikati ya shuka zilizoanikwa.

"Kazini wamesoma," wifi alianza. "Meneja amenisimamisha kwenye korido kuniuliza mama anaendeleaje. Nikatamani ardhi inimeze."

"Nisamehe, wifi."

"Ngoja. Umeandika nakaa kama abiria."

"Nimeandika."

"Ungekuwa umesema uongo ningekushitaki kwa kaka na yangekwisha. Ni kweli, ndiyo maana sikupata usingizi." Alishika pindo la shuka, akaliachia. "Unakumbuka siku ile ulipokwenda kumzika shangazi yako? Nilibaki naye peke yangu. Aliniona, akapiga kelele kwamba kuna mwizi chumbani. Akanirushia kiatu. Mama yangu aliyenizaa aliniita mwizi. Tangu siku hiyo nikifika pale nakaa karibu na mlango."

Vidole hakuwa anajua. Muda wote alidhani ni harufu.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe anakuita dada yake. Ungenielewa vipi?"

Kisha kutoka ndani ikasikika sauti ya mama akimwita binti wa mapokezi, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitika, waliingia wote wawili.

Mama alikuwa ameketi kitandani, miwani shingoni, ametulia. Wifi aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Simu yake aliiweka juu ya mto. Ilikuwa bado imefunguka pale alipohifadhi picha ya yale maandishi, maana alikuwa ameyasoma mpaka ndani ya teksi. Mama akaiona. Kazi ya maisha yake ilikuwa maandishi, na maandishi hayakuwa yamemtoka. Alivaa miwani, akaishika simu kwa mikono miwili, akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, bila kukosea. Vidole alinyoosha mkono kumnyang'anya. Wifi akamzuia.

Mama alisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyu mkaza mwana ana kazi," alisema. "Maskini, anachoka. Lakini kuna mahali pa kuweka mkato hapa, yeye amepita moja kwa moja kama anakimbizwa."

Wifi alicheka ghafla, akajiziba mdomo.

"Halafu," mama aliendelea, akigonga kioo cha simu kwa ukucha, "haya ya kitandani ayaondoe. Huyo mama mzee naye ni mtu. Yake ya kuchoka aseme, ni haki yake. Ya shuka za mwenzake si ya kwenda kwa watu. Mwambie achape upya."

"Nitamwambia, mama," Vidole alijibu.

Mama akamgeukia wifi, akamtazama toka juu hadi chini. "Na wewe, weka mkoba chini. Unasubiri nani?"

Hakumjua. Lakini hakumwita mwizi. Wifi aliuweka mkoba sakafuni. Vidole akampa kitana, akamwonyesha mahali pa kuanzia, nyuma ya sikio, ambapo mama hupenda na hutulia. Wifi alichana nywele za mama yake huku machozi yakimdondokea kwenye sare, na mama akasinzia.

Hapo ndipo Vidole alipoanza kuchapa upya. Aliikata ile njia baina ya blogu ya Chumba cha Ndani na ukurasa wa saluni, safari hii akisoma kila swali kabla ya kukubali. Kisha akaipitia blogu yote tangu mwanzo. Kuchoka kwake alikuacha. Ya mwili wa mama aliyatoa, hata pale alipokuwa ameyaandika vizuri.

Mume alinuna siku kadhaa. Alikula, alijibu akiulizwa, basi. Kumbe naye alikuwa anasoma, kidogo kidogo, kwenye ngazi za wateja wake wakati gundi inakauka. Jioni moja alimkuta Vidole anafagia nywele saluni.

"Umeandika mama huuliza kila asubuhi kama yule bwana wa vioo amekula."

"Kila asubuhi. Nikimwambia bado, hakubali kuanza chai."

Fundi aliegemea kile kioo chake kirefu. "Mimi nilijua amenisahau kabisa," alisema. Akachukua fagio mkononi mwa mkewe, akafagia hadi pembeni, vibaya, kama wafagiavyo watu wasiozoea. Tangu hapo shuka za asubuhi alizifua yeye, na chai ya mama aliipeleka mwenyewe. Walikunywa pamoja, yeye na mama yake, kama fundi na mwenye nyumba.

Wifi alichukua Jumamosi. Zipo alizokosa, na kuna siku alirushiwa kiatu tena akakimbilia saluni. Lakini alirudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Vidole hakuwa na nguvu za kumhesabia makosa.

Kwa muda fulani mama aliendelea kusahihisha. Vidole alimpa asome kila anachotaka kutuma, naye akaweka mikato na kumsikitikia huyo mkaza mwana asiyemjua. Halafu siku zake za kusoma zikapungua, na ikafika asubuhi akaishika simu kichwa chini, akaitazama kwa adabu, akairudisha.

Yule mwalimu wa kompyuta alikuja kusukwa akiwa mpole kama aliyevunja sahani ya ugenini. Alimsaidia kuifungulia Chumba cha Ndani ukurasa wake wenyewe, mbali na saluni, na mara hii hakupiga kelele. Wasomaji wakaongezeka. Wiki ile ya kwanza mwanamke mmoja aliuliza pale: mama yangu akiniona anaogopa, kila nikimkaribia anapiga kelele, nifanyeje? Vidole alikuwa na mikono iliyojaa mafuta. Alipoifuta na kushika simu, alikuta jibu limeshawekwa, refu, limejaa makosa ya herufi.

"Usikae karibu na mlango," wifi yake alikuwa ameandika. "Omba kitana. Anzia nyuma ya sikio."