Kibao cha Kifaransa

Nikinusa mafuta ya cherehani, shingo huniwasha. Msicheke. Shingo hii ilivishwa kibao miaka miwili, na bado haijasahau.

Baba alikuwa fundi nguo ugenini, mtaa wa Jeppestown. Chumba cha mbele kilikuwa duka, na mlangoni aliandika “Couture”, yaani ushonaji, kwa rangi nyekundu. Cha nyuma tulilala yeye na mimi, maana mama yangu tulimwacha kaburini Bukavu. Shuleni kwao huko, mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani badala ya Kifaransa alifungwa kibao shingoni mpaka jioni. Baba akaona huo ndio ualimu. Akachonga cha kwake, akakitia uzi mweusi wa kushonea suruali. Nikitamka Kizulu ndani ya nyumba, nakivaa. Jioni nilikariri vitenzi vya Kifaransa huku nikiokota pini sakafuni kwa sumaku.

“Siku batatufukuza hapa,” alikuwa akisema, “utaenda kusoma Bukavu na luga gani?”

Nilikichukia Kifaransa kuliko uji wa baridi. Shuleni neno moja tu la Kifaransa lilitosha kuniletea mawe na jina la kwerekwere, tusi la Waafrika wageni. Kizulu ndicho kilichonipa marafiki. Kwa hiyo, nikiudhika, nilimtukana baba kwa Kizulu mbele ya wateja wake, huku natabasamu. Nilimwita mbuzi. Nilimwita mzee asiyejua alipo. Wateja walicheka mpaka wakashika ukuta. Yeye aliongea nao Kiingereza chake cha kuungaunga, akanivisha kibao bila kuuliza nimesema nini, akarudi kukanyaga cherehani. Niliamini kabisa kwamba haelewi.

Alasiri moja ya mwaka 2015, nikiwa msichana wa miaka tisa, kibao shingoni, tulisikia mabati yakipigwa. Kisha vioo. Dirishani nilimwona Mrundi wa spaza, kiduka cha kona, akiburutwa miguu mbele, kichwa chake kikigonga kila ngazi. Moshi wa matairi ukaingia ndani. Baba akashika mkasi mkubwa, nami nikadhani anataka kupigana. Akaushika uzi shingoni mwangu, akaukata, akakirusha kibao chini ya vitambaa. Akanitupia gauni la mteja mikononi.

Mlango uling'oka. Waliingia wanaume sita nisiowajua, wenye fimbo na panga.

“Hamba!” baba alinifokea, nenda! Kisha, kwa Kizulu kilichonyooka, akaniamuru nimpelekee mama yangu gauni lake na kumwambia pindo limekwisha. Sikuwahi kumsikia akisema Kizulu. Nilisimama kama mjinga.

Mmoja wao alinibana mkono, akaniuliza kama huyu ni baba yangu. Nilimtazama baba. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto wa mteja.

“Cha,” nikasema. Hapana.

Waliniachia. Sijafika hata barabarani nikasikia fimbo ya kwanza, na baada yake mfupa ukivunjika, na baba akipiga yowe. Niliendelea kutembea. Hilo nalisema wazi, maana nimelificha muda mrefu.

Baba alipona, ila jicho moja liliharibika na mkono wa kulia ukapinda. Hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano. Kibao hakukitafuta. Nilijua sababu: nilikuwa nimemkana, basi hana haja tena ya kunifundisha. Nilikua na aibu hiyo kifuani, mpaka nilipoelewa kwamba ile “cha” aliniandalia yeye mwenyewe, kwa mkasi na kwa gauni.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mwaka huu nilimtembelea, nikamuuliza kwa Kizulu kama siku zote zile dukani alikuwa akinielewa.

Alicheka kidogo, jicho lake zima likitazama sakafu.

“Hata mbuzi iko na masikio, mama.”

Nilimwomba radhi kwa Kifaransa, huku nalia. Nilikikosea kitenzi. Akanisahihisha.