Nati Zilizonyamaza

Umewahi kuona tairi likilipita lori lake lenyewe?

Mimi nimeona. Mwaka 1954, saa nne asubuhi, njia ya Bugarama kwenda Geita. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya mahindi.

Lilitupita kushoto, likidundadunda kama ndama aliyekata kamba. Nikacheka. Kweli kabisa, nilicheka.

Halafu lori likainama, likaingia mtaroni.

Dereva wetu, Gregory, alibanwa mguu. Alimlilia mama yake, "Mayo! Mayo!" mpaka tukamchomoa.

Utingo alikuwa baba yangu, Jilala. Nati za tairi lile alizifunga yeye, jana yake, mbele ya nyumba yetu, baada ya pancha.

Na jana hiyohiyo Gregory alimsema mbele ya wapagazi.

"Mzee, umeisha wewe. Hata mbuzi ukimfunga anafunguka!"

Watu wakaangua kicheko. Baba akajibu, "Iko siku utanikumbuka."

Neno hilo ndilo lililomponza.

Mwenye lori, Bwana Eustace, alifika mchana na askari wawili.

"Ulizilegeza ili umuue," akamwambia baba.

Baba akainama, akapekua majani.

"Sema, mzee!"

Baba akaokota nati moja. Akainusa. Akanitazama, kisha akaifumbata.

"Nilisahau kukaza," akasema.

Uongo! Jana nilikuwa palepale napepeta choroko, nikimwona.

Baba hufunga nati kwa sikio. Anaikanyaga spana mpaka nati ilie kwiii, hapo anaacha. "Imeshiba," husema.

Lakini jana hazikulia. Alikanyaga, kimya. Akachomeka bomba kwenye spana, akaning'inia na uzito wake wote. Kimya.

"Leo zina njaa hizi," alisema, akazidi kukaza.

Pale pale barabarani nikaelewa kwa nini.

Maana wakati wa kufungua, kutu ilimfanya baba aminyane na nati zile mpaka spana ikateleza, vidole vikachunika. Nikamwonea huruma. Zilipokuwa kwenye karai nikazipaka samli ya mama, moja moja, mpaka ndani. Sikumwambia. Nilitaka tu aone kazi imekuwa nyepesi.

Nikatafuta kwenye nyasi. Nikapata nati nyingine, na kipande cha boliti kimekatikia ndani yake.

Askari walishaanza kumfunga baba kamba.

"Shikamooni," nikasema. "Mwacheni. Ni mimi."

"Nyamaza, Limi!" Baba hajawahi kunifokea vile.

Sikunyamaza. Nikampa Bwana Eustace ile nati.

"Nusa, bwana."

Akanusa, akakunja uso. "Samli?"

"Ndiyo. Nati iliyolegezwa inatoka, boliti inabaki nzima. Hizi zimekatika. Baba alizikaza kupita kiasi kwa sababu hazikulia. Na hazikulia kwa sababu nilizitelezesha mimi."

Askari wakatazamana.

Gregory alikuwa kivulini, mguu umefungwa kwa vijiti. Akasema, kwa sauti ndogo, "Mfungueni mzee."

Wakamfungua. Ila Bwana Eustace alisema hataki tena kumwona karibu na lori lake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nikamuuliza.

"Baba, ulijua?"

"Samli ya mama yako naijua hata nikiwa nimelala."

"Sasa mbona ulisema umesahau?"

"Mimi wangenifunga, ningetoka. Wewe, ng'wanawane, mwanangu, una miaka kumi na saba."

Nikalia njia nzima. Na yeye hakuninyamazisha.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, siwezi kumfundisha mtu. Nasema hili moja: ukitaka kumsaidia mtu kwenye kazi yake, mwambie kabla hajaishika. Huruma yangu ya kimyakimya ilimnyang'anya baba sikio lake.

Gregory anatembelea fimbo. Tukikutana namwamkia, shikamoo. Anaitikia marahaba, vizuri tu, bila kinyongo.

Mimi ndiye ninayeshindwa kumtazama mguu.