Mkondo Usiofika Magoti

Si kweli kwamba niliuziwa feki. Kwa miaka minne nimewaambia ndugu, majirani na hata padri kwamba mwenye duka la vifaa vya umeme kule Tarime alinipa daiodi feki. Mzee wa watu alinipa nilichoomba. Kosa lilikuwa langu, tena kosa la Kiswahili, somo nililolisomea chuo kikuu na ninalolifundisha hapa Mugumu mpaka leo.

Mdogo wangu, fundi wa kuchomelea huko Nyakunguru, alikuwa ametengeneza jenereta ya maji nyumbani kwa mama: gurudumu la bati kijitoni, sumaku, na nyaya za shaba alizozizungusha kwa mkono. Umeme wa namna hiyo huenda na kurudi, na betri inautaka uende upande mmoja tu. Kazi ya kuuzuia usirudi hufanywa na daiodi. Alihitaji sita, akaniagiza mimi kwa kuwa nilikuwa napita Tarime.

"Kubwa, dada. Mwambie kwamba..."

Nikamkatiza. Nimeelewa.

Dukani nilimkuta mzee mwenye asili ya Tanga, mwenye Kiswahili ambacho sisi wa huku tunakisikia redioni. Nilimpa shikamoo, nikamweleza habari za kijito na gurudumu.

"Mkondo wako una ukubwa gani, mwanangu?"

Mafundi wa kwetu husema ampea, au husema moto. Mkondo ni wa maji. Nikajibu kwa kujiamini: "Mdogo tu, mzee. Ukivuka haufiki magoti."

Alicheka kwa adabu. Nadhani alifikiri ndio utani wa Wakurya. "Mdogo hasa?"

"Mdogo hasa."

Akanihesabia sita kutoka kwenye kikopo.

"Dada, mbona kama punje za mtama?" mdogo wangu aliuliza alipozimwaga kiganjani.

"Zinahimili volti elfu moja. Unataka nini zaidi?"

"Haya. Wewe ndiye msomi."

Akazifunga ndani ya kisanduku cha plastiki, akakigongomea ukutani stoo, juu ya rundo la magunzi makavu. Ukuta ule ndio unaotenganisha stoo na kitanda cha mama. Kiangazi chote taa iliwaka, nami nikasifiwa.

Mvua zilipoanza, mchana mmoja nilikuwa ofisi ya walimu. Mwalimu wa fizikia, mtu wa Mbeya, alikuwa anasahihisha madaftari.

"Mwalimu wa Kiswahili, mwanafunzi wako kaandika kwamba mkondo wa umeme ni umeme wa mtoni. Ndivyo unavyowafundisha?"

Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka, halafu nikakumbuka swali la mzee wa Tarime.

"Kwani unapimwa kwa nini?"

"Ampea! We mwalimu vipi?"

Nikamuuliza daiodi ndogo, nyeusi, kama punje ya mtama, inabeba ampea ngapi. "Moja," alisema bila kuinua kichwa. "Ukiipitishia kumi inakuwa kaa la moto."

Nje, mvua ilikuwa ya siku ya tatu.

Nilimpigia mama. Hapatikani. Simu yake huichaji kwenye betri ileile, na huizima ikichaji. Nikampigia mdogo wangu, alikuwa Sirari.

"Maji yamefika wapi?"

"Asubuhi yalikuwa kiunoni, dada! Gurudumu linazunguka kama limerogwa!" Alikuwa na furaha. Sikumwambia kwa nini nauliza. Hilo nalo naliungama.

Mama ana miguu mibovu. Akishakunywa uji wa mchana hulala, na mlango huufunga kwa komeo la ndani. Nilipanda bodaboda nikiwa na viatu vya ofisini. Njia nzima nilisikia harufu ya moshi: wa pikipiki, wa majiko ya watu, wa tanuri za mkaa. Kila moshi niliupeleka stoo. Kila niliporudia kupiga, sauti ileile iliniambia mteja hapatikani.

Tulipokaribia daraja la Mto Mara simu ikaita. Namba ngeni. Huku kwetu msiba huja kwa namba ngeni, kwa sababu mwenye yake hawezi tena kupiga. Niliikodolea macho.

"Mama, pokea, inalia," dereva akasema.

Nikapokea. Nikaibana sikioni.

"We, mbona kimya? Ni mimi mama yako. Nimeomba simu ya jirani."

"Mama! Uko wapi? Umeungua?"

"Niungue kwani mimi gunzi? Nilisikia harufu kama pembe ya ng'ombe imetupwa motoni. Nikajikokota, nikakata waya wa betri kwa shoka. Mpini ni wa mti, sijarukwa na akili. Magunzi machache yamebabuka, nimeyamwagia maji." Akakohoa kidogo. "Sasa sikiliza, na umwambie na huyo mura, mdogo wako. Mtambo wenu ukirudi ndani ya nyumba yangu, nitalikata na gurudumu."