Lori Lililokosa Pumzi

Mjini Gisenyi, Fundi Habib alijulikana kwa masikio yake kuliko kwa mikono. Aliinama juu ya injini, akafumba macho, kisha akatoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufani. Kwa miaka thelathini hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea. Mtu asiyeambiwa hivyo huishia kuamini kwamba hakosei kamwe, maskini.

Ndivyo alivyomfukuzisha kazi Rutagengwa, dereva wa lori kuukuu la jeshi. Lori hilo Mama Mukamazimpaka, mfanyabiashara wa viazi wa Mudende, alilinunua likiwa bado na rangi yake ya kijani. Lilianza kushindwa na milima huku likitoa moshi mweusi.

"Papa Habib, inakosa pumzi," dereva alisema.

"Iko na pua?" Habib alicheka, watu nao wakacheka. Kisha akamgeukia mwenye mali, mkono juu ya lori. "Kamiyo haina mubaya, Mama. Ni dereva yako, anaikanyaga mubaya."

Rutagengwa aliapa kwa viapo vyote. Wapi! Wiki iliyofuata, mzee mzima wa miaka hamsini, akawa anasukuma mizigo ya watu mpakani.

Dereva mpya akaja, moshi ukabaki palepale. Miezi minane ikapita, Mama akachoka. Akalirudisha kwa Habib; kesho yake lingeuzwa kama chuma chakavu.

"Nakupa leo tu, Papa Habib," alisema, akaketi juu ya gunia tupu.

Pampu ya mafuta Habib alishaifungua mara mbili. Chujio la hewa alilibadilisha asubuhi hiyo, moshi uleule. Masikio yalipoishiwa, akafanya jambo alilozoea kuwacheka wengine wakilifanya: akaifuata njia ya hewa kwa vidole, kipande kwa kipande, kama anayejifunza kazi. Chujio safi. Bomba safi. Akafungua mpira wa kona unaoingia kwenye injini, akatia mkono.

Vidole vikagusa nguo. Akavuta, kikatoka kitambaa kilichojikunja, cheusi kwa vumbi, ukingoni kina uzi wa kijani.

Akakitambua. Uzi ule aliushona mkewe, na kitambaa kilikuwa cha kanzu yake mwenyewe. Aliichana siku zile volkano ya Nyiragongo ilipomwaga majivu juu ya mji, akafunga kipande nyuma ya chujio la kila gari la mteja ili majivu yasifike kwenye injini. Alisifiwa sana kwa akili hiyo. Baadaye alivitoa vyote, kumbe hiki kimoja alikisahau. Kikalegea, kikateleza hadi kwenye kona, kikaikaba injini koo. La haula! Si dereva, ni yeye Habib! Nyani haoni kundule.

Mama alikuwa ameinamia simu yake, hakuona kitu. Habib akakisokomeza mfukoni. Akafunga mpira, akawasha. Lori likanguruma, moshi ukatoka mwepesi.

"Mana yanjye, Mungu wangu!" Mama aliruka. "Fundi ni we! Ule Rutagengwa aliniharibia, we umetengeneza. Mutu mubaya sana ule!"

Habib alifungua kinywa ashukuru, kisha akatia mkono mfukoni. Akatoa kitambaa, akakiweka juu ya gunia.

"Si yeye, Mama. Ni mi. Hii niliweka mi, siku za majivu."

Mama alikitazama, akamtazama yeye, akakitazama tena. Akamnyooshea simu.

"Mupigie Rutagengwa we. Mi naona haya."

Iliita mara moja tu, Habib akajitaja. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mpakani na mtu anayehema.

"Papa Habib?" Rutagengwa alisema. "Bon, kamiyo iko namna gani? Imepata pumzi?"

Habib akaketi chini palepale kwenye oili.

"Ulisema kweli," akamwambia. "Mi ndiye niliiziba."