Kausha Kwanza

Siku moja kabla ya vita kutufikia Uvira, Papa, baba yetu, alikuwa uani akipiga randa mlango wa jirani, nami, niliyekuwa likizoni kutoka chuoni Bukavu, nikimsumbua kwa maswali. Kwa nini mlango ufungukie nje? Kwa nini mbao hii na si ile? Papa hakuwa mtu wa kueleza. Alipuliza maranda, akapitisha kidole juu ya ubao, akaendelea. Mama alikuwa amefariki zamani. Nyumbani tulikuwa sisi wawili na mdogo wangu Espoir, wa miaka tisa.

Kesho yake mchana risasi zilianza upande wa bonde la Ruzizi. Tulikimbilia milimani na blanketi moja la kijivu, ambalo Papa alilifunga ndani ya nailoni.

Siku ya pili mvua ilitukuta huko juu. Espoir aliacha kulia. Baadaye akaacha hata kutetemeka.

Tulipata kibanda kilichohamwa. Nilifungua nailoni nikamfunika blanketi, nguo zake zilizolowa zikiwa bado mwilini.

Papa alilivuta.

Alimvua mtoto kila kitu, akachomoa nyasi kavu ndani ya paa, akaanza kumsugua kifua na mgongo kwa nguvu zake zote.

“Papa, unamuua,” nilisema. “Unamuua mtoto wako kwa mikono yako mwenyewe.”

Aliinama zaidi juu ya mtoto, akaendelea kusugua. Bunduki zilisikika tena, chini yetu.

Alisugua mpaka ngozi ikakauka kabisa. Ndipo akamviringisha kwenye blanketi, akaenda kukaa mlangoni na koti lake lililolowa.

Espoir alipona. Papa alianza kukohoa njiani, tukavuka ziwa akikohoa, na wiki ya tatu kambini, upande wa Kigoma, alifariki. Nilimuuguza vizuri. Lakini maneno yale sikuwahi kuyafuta, kwa sababu bado niliamini mtoto amepona kwa bahati tu.

Mimi na Espoir tulipelekwa ng’ambo kama wakimbizi, tukafika Saint Paul, na kazi niliyoipata ilikuwa kwenye banda la farasi nje ya Maple Grove. Mhandisi mmoja Mtanzania aliyekuwa akinipa lifti alicheka njia nzima siku ya kwanza. “Yaani dada yangu, chuo kikuu chote kile, halafu unakwenda kumvalisha farasi koti?”

Mwenye banda, mama mzee aitwaye Ruth, alijibu kila nilichouliza. Niliuliza farasi ana haja gani ya blanketi na ana manyoya. Akasema wengi hawana haja hiyo. Manyoya yao ya majira ya baridi yanatosha, na blanketi huyalaza bure. Ni kwa wale walionyolewa na wale wazee. Molly, farasi jike mzee kuliko wote, alikuwa na mablanketi matatu.

Alasiri moja ya Januari Ruth alikwenda kununua chakula cha farasi. Mvua iliyochanganyika na barafu ikamnyeshea Molly uwanjani. Nilimwingiza ndani, nikafanya ambacho ningemfanyia mtu yeyote kule kambini: nilimtupia blanketi zito kuliko yote, nikafunga mikanda.

Akatetemeka. Nikaongeza la pili.

Akatetemeka zaidi, kichwa kikishuka.

Ruth aliporudi aliingiza mkono chini ya blanketi, akautoa umelowa. Hakunigombeza.

“Umeyafungia maji ndani,” alisema. “Kausha kwanza. Blanketi halina joto lake. Linamtunzia lile alilo nalo, na sasa hivi hana.”

Aliyavua yote mawili, akanipa fungu la majani makavu, tukaanza kumsugua, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilipofika begani mikono ilisimama. Ruth aliuliza kama nimechoka. Nikasema hapana, nikaendelea.

Jua lilipotua masikio ya Molly yalikuwa na joto, naye alikuwa akila. Nilicheka peke yangu kwa nafuu.

Nyumbani nilimsimulia habari ya Molly Espoir, ambaye siku hizi hunijibu kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, akiniita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

“Mimi nilikusikia siku ile milimani ukimlaumu Papa, yaya. Papa aliniambia sikioni: ‘Usimjibu dada yako. Anaogopa.’”

Sikuamini. Alikuwa mtoto, nusu amezimia. Nilimuuliza mara tatu, kila mara kwa njia nyingine, kama polisi. Jibu halikubadilika, na mara ya tatu aliniomba nimwache ale.

Basi nimeamini. Kitu kizito nilichokibeba tangu milimani kimeshuka, na usiku nalala. Papa bado yuko kwenye udongo wa Kigoma, nami bado ningetaka kumuuliza kwa nini hakunieleza. Najua angeniangalia kidogo, angepuliza maranda, angeendelea.